Mwamba Ngoma na Haki ya Msikilizaji

Wahenga walisema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa kulaumu, kana kwamba mvutaji ametenda kosa. Walakini maneno yenyewe hayana lawama. Yaeleza tabia ya kazi tu. Ngozi isiyovutwa haiwambiki, na ngoma isiyowambwa hailii. Kila mtu ajengaye kitu hukivutia upande wake kwa kiasi fulani, na dunia isingekuwa na mji, wala shule, wala bandari, kama watu wasingevuta. Taabu huanza mahali pengine. Huanza pale ngozi inapokuwa moja na wawambaji wawili, na kila mmoja wao, mbali na kuvuta, amejitwalia pia kazi ya kuwaeleza watu walio mbali jinsi ngoma inavyolia. Hapo swali la haki huzaliwa: msikilizaji asiyeiona ngoma kwa macho yake anamdai nini yule anayemsimulia?

Swali hili ni la kale kama ushahidi wenyewe, lakini katika karne ya ishirini lilipata makao mapya katika magazeti na redio. Mfano mmoja wafaa kuliko mingi kwa kulipima, kwa sababu mwanzo wake na mwisho wake hujulikana. Ni mfano wa miji miwili jirani katika jimbo la Texas, nchini Marekani, iliyoshindana kwa viwanja vya ndege kwa muda wa karibu miaka hamsini. Miji hiyo ni Dallas na Fort Worth. Kati yao pana mwendo wa kilomita 50 hivi, umbali ambao ndege haiwahi kupanda vema angani kabla haijalazimika kutua. Dallas ulikuwa mji wa mabenki, bima, pamba na maduka makubwa. Fort Worth ulikuwa mji wa ng'ombe na reli, uliojisifu kwamba nchi za Magharibi zaanza mlangoni pake. Mmoja aliona mwenziwe ana majivuno. Mwingine aliona mwenziwe ana ushamba. Hakuna ajabu katika hayo. Majirani wengi duniani huishi hivyo, na mizaha yao huwa chumvi ya ujirani.

Mwaka 1927 Dallas ilileta shauri kwamba miji hii miwili ijenge kiwanja kimoja cha ndege. Fort Worth ikakataa. Kila mji ukakaa na kiwanja chake: Dallas na Love Field, Fort Worth na Meacham Field. Love Field kilianza mwaka 1917 kama kiwanja cha jeshi, kikapewa jina la rubani wa jeshi aliyekufa katika ajali ya ndege. Jina lake ni jina la mtu, ijapokuwa kwa Kiingereza neno hilo ni upendo; na yamkini hapana kiwanja kilichostahili jina hilo zaidi, kwa jinsi wenyeji wake walivyokipenda, na jinsi mapenzi hayo yalivyokuja kuwa kesi.

Mwaka 1940 idara ya serikali kuu iliyosimamia usafiri wa ndege ilitenga dola milioni 1.9 kwa kiwanja kimoja cha miji yote miwili. Kampuni mbili za ndege, American Airlines na Braniff, zikapatana na mji mdogo wa Arlington, ulio katikati, ili kijengwe huko. Fedha zilikuwapo, ardhi ilikuwapo, na ndege zilikuwapo. Kilichokosekana ni mapatano juu ya jengo la abiria, yaani lisimame wapi na lielekee upande gani. Jengo lilipopangwa kuelekea Fort Worth, watu wa Dallas waliona wamepewa kisogo, wakajitoa. Mwaka 1943 mpango mzima ukaachwa. Msomaji aweza kucheka kwamba mambo makubwa kiasi hicho yalivunjika kwa ajili ya mlango, hasa kama amelelewa na methali isemayo kuwa nyumba njema si mlango. Lakini asicheke upesi. Mlango wa kiwanja cha ndege huvuta barabara, na barabara huvuta mahoteli, na mahoteli huvuta maduka na kazi. Palipo na mlango ndipo fedha hulala usiku. Ugomvi ulikuwa wa kiburi, naam, lakini kiburi hicho kilikuwa kimesimama juu ya hesabu.

Baada ya vita Fort Worth iliitwaa ardhi ile ya katikati, na kwa msaada wa American Airlines ikajenga kiwanja kipya kilichofunguliwa mwaka 1953. Kilikuwa umbali wa kilomita 20 hivi kutoka Love Field. Kilipewa jina la Amon Carter, na katika jina hilo swali la haki lapata uso wa mtu.

Amon Carter alikuwa mwenye gazeti la Fort Worth Star-Telegram. Alikuwa pia mwenye stesheni ya redio ya WBAP, na mmoja wa wenye hisa wakubwa katika kampuni ya American Airlines. Mji wake aliupenda kupita kiasi cha kawaida. Husimuliwa kwamba alipolazimika kwenda Dallas kwa shughuli, alichukua chakula chake cha mchana mkononi ili asiache hata senti moja katika mji ule. Aliusaidia mji wake kupata kiwanda kikubwa cha ndege za vita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na maelfu ya watu walipata riziki humo. Alifariki mwaka 1955, na wenyeji wa Fort Worth walimlilia kama mtu aliyewatendea mema, kwa sababu ni kweli aliwatendea mema. Ng'ambo ya pili mambo hayakuwa tofauti sana. Gazeti la Dallas Morning News na stesheni ya WFAA zilikuwa mali ya kampuni moja, na faida yake ilikuwa imefungwa pamoja na faida ya Dallas kama mtepe ulivyoshonwa kwa kamba.

Yafaa kuanza kwa kumtetea mtu wa namna hii kabla ya kumhukumu. Mpenda mji wake ana haki gani? Haki kubwa. Mtu asiyependelea kwao hana mahali pa kuanzia wema wake. Atendaye mema kwa watu wote sawasawa, bila kumjua yeyote, mara nyingi hatendi lolote. Kama mwenye gazeti wa Fort Worth angeandika kila siku kwamba Dallas ni mji mkubwa zaidi, wenye abiria wengi zaidi, na kwamba busara ni kuuachia kila kitu, wenyeji wake wangekuwa na sababu ya kumwuliza kwa nini anakula mkate wao. Mnyonge asiye na msemaji humezwa. Sensa ya mwaka 1960 ilihesabu karibu watu 680,000 katika Dallas na karibu 356,000 katika Fort Worth. Mdogo anayekaa kando ya mkubwa hana budi kupaza sauti, la sivyo hasikiki kabisa. Upendeleo wa mdogo basi, mara nyingine, ni namna ya kujihami.

Utetezi huu ni wa kweli, lakini haujibu swali lililoulizwa. Swali halikuwa kama yafaa mtu kuupenda mji wake. Lilikuwa kama yafaa mpenzi huyo kukaa katika kiti cha shahidi. Barazani pa hakimu watu hutofautisha wakili na shahidi, na kila mtu mzima aijua tofauti hiyo ijapokuwa hajasoma sheria. Wakili hupendelea, wala halaumiwi. Kazi yake ni kupendelea, na kila asikiaye maneno yake hutia chumvi anayoona yafaa. Shahidi akipendelea ametenda uovu, kwa maana watu huyachukua maneno yake bila chumvi. Maneno yaweza kuwa yale yale, neno kwa neno. Kinachoyageuza kuwa halali au haramu ni kiti alichokalia msemaji. Mashaka ya gazeti ni kwamba limekalia viti vyote viwili. Katika ukurasa mmoja ni wakili, katika ukurasa wa pili ni shahidi, na karatasi ni moja, wino ni mmoja, na mwenyewe ni mmoja. Msomaji hajui ni ukurasa upi wa kutia chumvi.

Mashaka hayo huongezeka mara tatu wakati mwenye gazeti anapokuwa na hisa katika jambo analolisimulia. Gazeti lisemapo kwamba kiwanja fulani ni bora, na mwenye gazeti ana hisa katika kampuni iliyosaidia kukijenga, na jina la kiwanja ni jina lake, habari ile yaweza kuwa ya kweli tupu. Ukweli wake haupungui kwa ajili ya hisa. Kinachopungua ni uwezo wa msomaji wa kuupima. Kumficha msomaji hisa hiyo ni kama kumwuzia mtu unga kwa kibaba asichokiona. Huenda amepata haki yake kamili. Lakini hana njia ya kujua, na mtu asiye na njia ya kujua amegeuzwa mtoto, hata kama hakupunjwa.

Watu wengine hudhani kwamba upendeleo ni namna ya uongo, na kwamba gazeti lisilosema uongo limekwisha kujitakasa. Kisa cha Dallas na Fort Worth chaonyesha kwamba sivyo. Zitazamwe kweli zilizokuwapo wakati ule. Ilikuwa kweli kwamba Love Field kilikuwa karibu na moyo wa Dallas, na abiria walikipenda. Ilikuwa kweli pia kwamba kilikuwa kimezungukwa na nyumba za watu, na kwamba ndege zilivyozidi kuwa kubwa na zenye kelele kilikosa mahali pa kukua. Ilikuwa kweli kwamba kiwanja cha Fort Worth kilikuwa kipya na kilikuwa kati ya miji miwili. Ilikuwa kweli pia kwamba abiria walio wengi walitoka Dallas, wala hawakuona sababu ya kwenda mbali kupanda ndege iliyokuwa ikipandwa karibu na nyumba zao. Hizo ni kweli nne. Gazeti la Dallas lingeweza kuchapa ya kwanza na ya nne kwa miaka kumi, na gazeti la Fort Worth likachapa ya pili na ya tatu kwa miaka hiyo hiyo, na asitokee mtu wa kuonyesha uongo hata wa mstari mmoja. Na bado wasomaji wa miji yote miwili wangebaki gizani, kila mmoja ameshika nusu ya kitu akidhani ni kizima. Dhambi ya upendeleo haikai sana katika lile lisemwalo. Hukaa katika lile linaloachwa.

Na matokeo ya giza hilo si yale ambayo mtu angetazamia. Mtu angedhani kwamba gazeti lipendelealo humdhuru jirani. Lakini Dallas haikudhurika sana na sifa ambazo Fort Worth ilijipa. Mwaka 1960 Fort Worth ilikinunua kiwanja cha Amon Carter, ikakipa jina jipya la fahari, Greater Southwest International Airport, ikitumaini kwamba jina kubwa litaleta ndege nyingi. Ndege hazikuja. Ilipofika katikati ya miaka ya 1960, Dallas ilikuwa ikipata asilimia 49 ya usafiri wa ndege wa Texas, na Fort Worth asilimia 1. Gazeti laweza kugeuza mawazo ya watu, lakini haligeuzi miguu yao. Aliyedhurika kwa sifa za Fort Worth ni Fort Worth, kwa kuwa ilitia fedha zake mahali ambapo msemaji wake mwenyewe alikuwa amezoea kuisifia. Dallas nayo, kwa kuzoea kuambiwa kwamba Love Field ni bora, ilichelewa kuona kwamba siku za kiwanja hicho zilikuwa zimehesabiwa. Kioo kinachomsifu mwenyewe humfanya atoke nje na tongo machoni.

Hapa pana pingamizi moja lenye nguvu. Je, magazeti mawili yanayopendelea pande mbili hayatoi kweli kamili yakijumlishwa? Barazani mawakili wawili hushindana, na katika mashindano yao kweli hutoka. Kwa nini isiwe hivyo kati ya miji? Pingamizi hili lingekuwa na haki kama pangekuwa na baraza. Mawakili wawili huleta kweli kwa sababu yuko hakimu mmoja anayewasikia wote wawili, siku moja, chini ya paa moja. Msomaji wa Fort Worth alisoma gazeti la Fort Worth, na msomaji wa Dallas alisoma la Dallas. Ngoma mbili zilipigwa katika vijiji viwili, na kila kijiji kilicheza yake. Makosa mawili hayasahihishani mpaka yakutane kichwani mwa mtu mmoja.

Lakini pana jambo moja katika kisa hiki ambalo ni zuri ajabu, na laelekea lilipita bila kuangaliwa na wale waliokuwa wakigombana. Stesheni zile mbili za redio, WBAP ya Fort Worth na WFAA ya Dallas, zilikuwa zikitumia mawimbi yale yale ya hewani. Tangu mwaka 1929 hadi mwaka 1970, kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini, wapinzani hawa walipokezana zamu katika mawimbi hayo, saa hizi mmoja, saa zile mwingine. Msikilizaji aliyeacha redio yake mahali pale pale alisikia Fort Worth, kisha akasikia Dallas, bila kugusa kitufe. Na ili asichanganyikiwe, zamu ilipobadilika WBAP walipiga kengele, kengele ya ng'ombe, kama ilivyofaa mji wa wafugaji. Watu walioshindwa kugawana ardhi waliweza kugawana hewa. Waliwezaje? Hawakuwa wameacha kupendelea miji yao. Waliweza kwa sababu palikuwa na saa iliyokubaliwa na kengele iliyosikika. Msikilizaji alijua nani anasema sasa. Alipewa haki yake, na kila stesheni ikabaki na upendo wake.

Katika kengele ile mna jibu la nusu ya swali. Msikilizaji hamdai msimulizi kwamba asiwe na kwao. Msimulizi asiye na kwao hayupo, na ajidaiye kuwa hana ni wa kuogopwa kuliko wote, kwa maana ameficha hata kengele. Msikilizaji anadai kuambiwa zamu ni ya nani. Mwenye gazeti na aseme: hili ni shauri langu, na hii ni habari, katika kampuni hii nina hisa, kiwanja hiki kina jina langu. Akisha kusema hivyo, na avute ngozi apendavyo.

Nusu ya pili ya jibu ni nzito zaidi, kwa sababu yahusu fedha za watu wengine. Mradi mji unatumia fedha zake peke yake, upendeleo wake waweza kuhesabiwa kuwa shauri la nyumbani. Mtu akipamba chumba chake kwa rangi mbaya, jirani hana la kusema. Lakini viwanja hivi viwili viliomba pia mfuko wa serikali kuu, ambao ulijazwa na watu wa mbali wasioijua Dallas wala Fort Worth. Aombaye katika mfuko wa wote amekubali, apende asipende, kupimwa kwa kibaba cha wote. Hawezi kuja na vibaba viwili, kimoja kikubwa cha kupokelea na kimoja kidogo cha kutolea, akisema kuwa mahitaji yake ni ya taifa na faida yake ni ya mji. Mwaka 1961 serikali kuu ilikataa kuendelea kutia fedha katika viwanja viwili vilivyo mbali na ndugu asiye mbali. Mwaka 1964 bodi ya serikali iliyosimamia safari za ndege ikaiagiza miji hiyo ikubaliane juu ya mahali pa kiwanja kimoja katika siku zisizozidi 180, na isipokubaliana itachaguliwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Miji iliyoshindwa kupatana tangu mwaka 1927 ilipatana kwa kuogopa kuamuliwa. Wapenda uhuru wa miji watauliza kama mapatano ya namna hiyo yana heshima. Swali ni la haki, kwa maana wema uliolazimishwa si wema kamili. Lakini ikumbukwe kwamba mgeni yule hakuchagua mahali. Aliweka siku tu. Aliwanyima wenyeji jambo moja, nalo ni raha ya kugombana bila mwisho kwa gharama ya mfuko wa wengine. Uhuru wao wa kuamua aliuacha mikononi mwao, na kwa mara ya kwanza wakautumia.

Njia haikunyoka mara moja. Mwaka 1967 lilipoletwa shauri la kuunda mamlaka moja ya kiwanja kwa pande zote mbili, wapigaji kura wa Dallas walilikataa. Ndipo miji ikafunga mkataba badala yake, kiwanja kikawa mali ya wote wawili, na halmashauri yake ikapewa wajumbe 11: saba wa Dallas na wanne wa Fort Worth. Kugawana huko kwastahili kutazamwa sana. Saba kwa nne si sawa kwa sawa. Lakini kwalingana kwa karibu na hesabu ya watu wa miji hiyo, na kila mtu aliweza kuisoma. Fort Worth ilikubali kuandikwa kuwa ndogo, jambo ambalo kwa miaka mingi sifa zake zilikuwa zimelikana; na Dallas ilikubali kuandikwa kuwa haiko peke yake, jambo ambalo nayo ilikuwa imelikana. Namba mbili zilimaliza kazi ambayo maneno ya miaka arobaini yalikuwa yameikwamisha. Fungu lisilolingana lakini lililo wazi ni la haki kuliko usawa wa mdomoni.

Kiwanja kilijengwa juu ya mpaka wa wilaya za Dallas na Tarrant, kikafunguliwa kwa safari za abiria tarehe 13 Januari 1974, kwa gharama ya dola milioni 700 hivi. Mtu atakaye kuvuta ngozi angeweza kuweka namba hii kando ya zile milioni 1.9 za mwaka 1940, akasema kwamba tofauti hiyo ndiyo bei ya kiburi. Maneno hayo yangependeza, nayo yangekuwa upendeleo ule ule unaolaumiwa hapa. Maana kiwanja cha mwaka 1940 kilipangiwa ndege ndogo za mapangaboi, na kile cha 1974 kilikuwa cha majeti, katika ardhi ya ekari zipatazo 17,000, na dola yenyewe haikuwa dola ile. Apimaye vitu viwili visivyo vya namna moja kwa kibaba kimoja hajasema uongo katika namba, lakini amedanganya kwa kuziweka pamoja. Lisilo na shaka ni hili tu: kwamba kati ya shauri la kwanza na kufunguliwa kwa kiwanja ilipita miaka 47, na kwamba katika miaka hiyo Fort Worth ilijenga kiwanja kizima ambacho hakikuhitajika.

Ingekuwa vema kumalizia kisa hapa, kwa ndugu waliopatana. Lakini msimulizi ataacha nusu ya kweli akifanya hivyo. Kampuni ndogo ya ndege, Southwest, iliyoanza safari zake mwaka 1971 kati ya miji ya Texas, ilikataa kuhamia kiwanja kipya ikakaa Love Field, na mahakama ikaipa haki ya kukaa. Ndipo wapinzani wa jana wakawa kitu kimoja juu ya wa tatu. Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoitwa kwa jina la Jim Wright, mbunge wa Fort Worth, iliyozuia ndege za kawaida za abiria kutoka Love Field zisiende mbali kupita Texas na majimbo manne yanayopakana nayo. Aliyetaka kwenda mbali zaidi kutoka pale alilazimika kukata tiketi mara mbili. Sheria hiyo ililegezwa kidogo mwaka 1997, ikapatanishwa mwaka 2006 kwa sharti kwamba Love Field kisipite milango 20 ya kupandia ndege, na vizuizi vya mwendo vikaondoka mwezi wa Oktoba mwaka 2014.

Watetezi wa sheria hiyo walikuwa na neno: waliokopa fedha kujenga kiwanja cha wote walihitaji kulindwa wasivunjiwe ahadi. Neno hilo lina uzito. Lakini lafunza kwamba mapatano peke yake si haki. Wawili wakipatana, yafaa kuuliza ni nani hakuitwa katika kikao. Katika ugomvi wa kwanza aliyesahauliwa alikuwa mlipa kodi; katika mapatano ya pili alikuwa abiria. Mara zote mbili alikuwa mtu yule yule katika mavazi tofauti, yule ambaye hana gazeti. Upendeleo wa mji mmoja ukiungana na upendeleo wa mji wa pili haugeuki kuwa uadilifu. Huenda ukawa upendeleo mkubwa zaidi, na wa hatari zaidi, kwa sababu sasa hapana wa kuupinga.

Jibu zima la swali basi ni la sehemu mbili. Kwanza, msimulizi na apige kengele, ili ijulikane zamu ni ya nani na hisa ni za nani. Pili, panapohusika mfuko wa wote, aichukue kweli ya jirani na kuiweka katika ukurasa wake mwenyewe, kwa herufi zile zile zilizotumika kwa kweli yake. Sehemu hii ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa maana kengele haigharimu kitu, lakini kweli ya jirani huuma. Walakini imeonekana kwamba ndiyo inayomfaa mwenyewe zaidi. Kama wasomaji wa Fort Worth wangeambiwa mapema na watu wao kwamba abiria hawatakuja, wangalijiepusha na hasara. Na kama wa Dallas wangeambiwa mapema na watu wao kwamba Love Field hakitatosha, wangalipatana kwa hiari kabla hawajapewa siku 180. Kumpa msikilizaji haki yake si sadaka kwa jirani tu. Ni akiba ya nyumbani.

Mwaka 2023 kiwanja cha pamoja kilipitisha abiria zaidi ya milioni 81, kikawa miongoni mwa vinavyotumiwa sana duniani. Kiwanja kilichokuwa na jina la Amon Carter kiliacha kazi mwaka 1974. Njia zake nyingi za ndege zimevunjwa, na mahali pale pamejengwa maofisi na maghala. Barabara moja kubwa ipitayo hapo yaitwa kwa jina lake. Haimwaibishi, kwa maana aliupenda mji wake, na mji umemkumbuka. Lakini wapitao kwa magari katika barabara hiyo waelekea kiwanja kingine, ambacho mlango wake hauutazami mji wowote kwa kisogo.